Kioo cha gari kikikwama, familia isingoje masika

Nyumba nyingi za mjini zenye gari la miaka mingi zina siri zake za garini. Watoto wanajua mlango upi hufunguliwa kwa nje tu. Mama anajua buti inafungwa kwa kubamizwa mara mbili. Na wote wanajua kioo kipi hakiguswi, kwa sababu kikishuka hakipandi. Mgeni akipanda na kunyoosha kidole kwenye kitufe cha mlangoni, sauti tatu humzuia kwa pamoja: "Hapo usibonyeze!"

Kioo hicho kinaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Gari linatembea, breki zinashika, injini haina kelele, kwa hiyo kioo huwekwa mkiani mwa orodha, nyuma ya ada ya shule, kodi ya nyumba na mtungi wa gesi. Baba akikumbushwa hujibu kwamba atampigia fundi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika kuna msiba, kuna mchango wa harusi, kuna mtoto anatakiwa viatu. Kioo kinangoja. Mvua za masika zinapoanza, shati la shule linaloa, siti inanuka uvundo, na ugomvi unaanza ndani ya gari saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu akiwa na haraka.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hazijaliangalia kwa makini. Kioo cha dereva kikiharibika hutengenezwa wiki hiyo hiyo. Dereva anakihitaji alipie maegesho, azungumze na askari wa usalama barabarani, apate upepo. Kinachongoja miezi ni kioo cha siti ya nyuma, mahali wanapokaa watoto, bibi anayepelekwa kliniki, au dada wa kazi aliyempakata mtoto mchanga. Hao ndio wasiokuwa na sauti juu ya fedha za gari, na ndio wanaolowa, wanaovuta vumbi na wanaopata joto.

Kwa sababu hiyo kioo kibovu ni suala la familia, si la fundi peke yake. Na habari njema ni kwamba mara nyingi ubovu wenyewe ni mdogo kuliko hofu ya gharama inayofanya watu wauahirishe.

Kioo kinavyofanya kazi

Magari mengi ya familia katika barabara za Tanzania yameletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika huko kwa miaka kadhaa. Yakifika hapa hutumika tena miaka kumi au zaidi. Injini hubadilishwa oili, matairi hubadilishwa, lakini vitu vilivyofichwa ndani ya mlango havikumbukwi na mtu hadi siku vinapogoma.

Ndani ya mlango kuna mambo manne ya kujua. La kwanza ni swichi, yaani kitufe kinachobonyezwa. Mlango wa dereva una swichi kuu inayoamuru vioo vyote, na kila mlango mwingine una swichi yake. La pili ni umeme wenyewe, unaotoka kwenye betri, ukipita kwenye fyuzi na kwenye nyaya zinazoingia mlangoni kupitia mpira ulio karibu na bawaba. La tatu ni mota ndogo inayozunguka. La nne ni kile ambacho mafundi wengi hukiita mashine ya kioo, yaani chuma na kebo, au mikono ya chuma inayofunguka kama mkasi, inayobeba kioo na kukipandisha.

Juu ya hayo kuna raba zilizo kandokando ya kioo, ambazo kioo huteleza ndani yake. Raba hizi hupuuzwa, lakini kwa gari la miaka mingi ndizo chanzo cha matatizo mengi. Jua huzikausha, vumbi hujaa ndani yake, na kioo kinakuwa kizito. Mota iliyoundwa kusukuma kioo kinachoteleza inalazimika kusukuma kioo kinachokwaruza. Inafanya hivyo mwezi wa kwanza, wa pili, kisha inachoka. Mwenye gari hununua mota mpya, anaifunga kwenye raba zile zile kavu, na baada ya muda mfupi mota mpya nayo inalalamika.

Hatari ambayo watoto hawaioni

Kabla ya kuzungumzia fedha, wazazi wanapaswa kuzungumzia usalama. Kioo cha umeme kina nguvu. Mota inayoweza kubeba kioo kizito inaweza pia kubana kidole, mkono au shingo ya mtoto. Magari mapya mengi yana kinga: kioo kikigusa kitu njiani kinarudi chini chenyewe. Magari ya zamani mengi hayana kinga hiyo kabisa, au inayo kwenye kioo cha dereva peke yake. Kioo cha nyuma, pale mtoto anapotoa kichwa kutazama barabara, hupanda bila kujali kilichopo.

Aina ya kitufe nayo ina maana. Kuna vitufe ambavyo hubonyezwa upande mmoja kushusha kioo na upande wa pili kukipandisha, kama swichi ya taa ya ukutani. Mtoto aliyepiga magoti juu ya mkono wa mlango ili achungulie nje anaweza kukikanyaga kitufe hicho kwa goti na kujifungia kioo mwenyewe. Vipo vingine ambavyo kupandisha kioo ni lazima kitufe kivutwe juu kwa kidole, na goti haliwezi kufanya hivyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyoagiza magari mapya yawe na vitufe vya aina hii ya pili, kwa sababu ya watoto waliokuwa wakibanwa. Mzazi mwenye gari la zamani anaweza kuangalia leo jioni vitufe vya gari lake ni vya aina gani. Kama ni vya kubonyeza pande mbili, kitufe cha kufungia vioo, kile kidogo kilicho kwenye mlango wa dereva, kikae kimefungwa kila mara watoto wakiwa nyuma.

Hatari ya pili ni joto. Kioo kilichokwama kikiwa kimefungwa, katika gari ambalo kiyoyozi nacho hakifanyi kazi, hugeuza siti ya nyuma kuwa tanuri katika foleni ya mchana. Na gari likisimama juani hali huwa mbaya zaidi. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani na kuona kwamba karibu asilimia 80 ya ongezeko lote la joto hutokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo, nafasi ya vidole viwili, hakukusaidia kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo lile neno la "nakimbilia dukani mara moja, mtoto kalala, nimemwachia upepo kidogo" halifai, iwe kioo kizima au kibovu.

Hatari ya tatu ni kioo kilichokwama kikiwa wazi. Hapo pana mvua, pana vumbi, na pana vibaka wa kwenye foleni wanaojua kuingiza mkono na kuondoka na mkoba au simu kabla taa hazijageuka kijani. Mtoto aliyekaa upande huo hawezi kujilinda, na mzazi aliyeshika usukani hawezi kugeuka.

Vipimo vya nyumbani kabla ya kwenda gereji

Fedha nyingi hupotea kwa kubahatisha. Mwenye gari anamwambia fundi, "Kioo hakifanyi kazi," fundi anajibu, "Hiyo mota," mota inanunuliwa, na kumbe shida ilikuwa waya. Vipimo vifuatavyo havihitaji kifaa chochote, na mama, baba au kijana wa kidato cha tatu anaweza kuvifanya uani kwa dakika kumi.

Kwanza, waangalie kitufe cha kufungia vioo. Kikibonyezwa, vioo vya abiria havitii swichi zao wenyewe, ila swichi ya dereva. Watoto hukibonyeza wakicheza, wazazi hawajui, na gari hupelekwa gereji kwa ugonjwa ambao haupo.

Pili, wajaribu vioo vyote. Kama vyote vimekufa kwa wakati mmoja, si rahisi mota nne ziwe zimekufa siku moja. Shida iko kwenye fyuzi, kwenye rilei, kwenye swichi kuu, au kwenye nyaya za mlango wa dereva. Kisanduku cha fyuzi kwa kawaida kipo chini ya dashibodi, na kingine kwenye injini. Kifuniko chake mara nyingi huwa na mchoro unaoonyesha fyuzi ipi ni ya vioo. Fyuzi iliyokatika huonekana kwa macho: kauzi kadogo ndani yake kameungua. Bei yake ni ya kununulia soda. Muhimu ni kuweka fyuzi yenye namba ile ile. Anayeweka kubwa zaidi ili "isikatike tena", au anayefunga waya mahali pa fyuzi, anaondoa kitu pekee kinachozuia nyaya zisiungue moto.

Tatu, kama ni kioo kimoja tu, wakijaribu kwa swichi mbili. Kioo cha nyuma kushoto kikigoma kwa swichi ya mlango wake lakini kikatii swichi ya dereva, mota ni nzima na mashine ni nzima. Kilichokufa ni swichi ndogo ya mlango. Kikigoma kwa zote mbili, waendelee na kipimo kinachofuata.

Nne, wasikilize. Redio izimwe, injini iwashwe, mmoja abonyeze na mwingine aweke sikio karibu na mlango. Mota ikisikika inazunguka lakini kioo kimekaa palepale, au kimeanguka ndani ya mlango, mota haina kosa. Kebo imekatika au vishikizo vya plastiki vinavyoshika kioo vimepasuka kwa uzee. Ikisikika "tak" moja tu kisha kimya, mota inapata umeme lakini imekwama au haina nguvu ya kusukuma. Pakiwa na ukimya kabisa, umeme haufiki, au mota imekufa.

Tano, waangalie taa ya ndani ya gari wakati kitufe kinabonyezwa. Ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota na mota inahangaika. Isipobadilika hata kidogo, inaelekea umeme unakatikia njiani. Hapo ule mpira wa nyaya karibu na bawaba unastahili kutazamwa. Mlango hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku kwa miaka mingi, na kila mara nyaya zilizo ndani ya mpira huo zinapinda. Mwishowe mmoja unakatika. Dalili yake ni kioo kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, au kinyume chake.

Sita, kama kioo kinapanda lakini kwa uchovu, kikisimama njiani kupumzika, lawama ya kwanza iende kwenye raba. Zisafishwe kwa kitambaa chenye maji, zikaushwe, kisha zipakwe silikoni ya kupulizia inayouzwa kwenye maduka ya spea. Oili ya injini na grisi hazifai hapa. Zinakusanya vumbi, na baada ya wiki mbili raba inakuwa na tope.

Kuna onyo kubwa kuhusu kupulizia. Kitufe kikiwa kizito, watu wengi hukipulizia oili ya kopo ndani ya swichi. Hilo lisifanyike. Mwezi Oktoba 2012 kampuni ya Toyota iliagiza magari yapatayo milioni 7.4 duniani yarudishwe kukaguliwa swichi kuu ya vioo kwenye mlango wa dereva, kwa sababu grisi ya ndani ya swichi haikupakwa sawasawa na swichi ilianza kukwaruza. Katika onyo hilo ilielezwa kwamba oili za kawaida za kupulizia zikiingia ndani, swichi inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Oktoba 2015 yakaitwa tena magari mengine kiasi cha milioni 6.5 kwa tatizo la swichi hiyo hiyo. Miongoni mwa yaliyotajwa ni Yaris, ambayo Japani huitwa Vitz, pamoja na Corolla na RAV4 za miaka ya katikati ya 2000. Hayo ni magari yanayoonekana kila siku hapa kwetu. Swichi inayokwaruza, inayopata joto au kunuka plastiki iliyoungua iachwe kutumika, na fundi umeme aitazame siku hiyo hiyo.

Mvua ikiwakuta njiani

Kioo kinaweza kushuka na kugoma kupanda katikati ya safari, mawingu yakiwa yameshatanda. Gari lisimamishwe mahali salama kwanza, pembeni ya barabara. Mtu mmoja ashike kitufe upande wa kupandisha. Mwingine apige mlango kwa kiganja, sehemu ya chini karibu na mota, mapigo ya wastani. Mota ya zamani ambayo makaa yake yameisha mara nyingi huamka ikitikiswa, na kioo kinapanda. Kikipanda, kisishushwe tena hadi kwa fundi. Kitufe cha kufungia vioo kifungwe ili mtoto asijaribu.

Isipoamka, watu wawili wanaweza kusaidiana: mmoja anashika kitufe, mwingine anabana kioo kwa viganja viwili, kimoja ndani na kimoja nje, na kukivuta juu polepole, akiondoa viganja kabla kioo hakijafika kwenye fremu. Kioo kikikubali kupanda lakini kikawa kinateremka chenyewe, kizuiwe kwa kipande cha raba kilichobanwa kati ya kioo na mlango, kisha selotepu pana ipite juu ya fremu. Kama kioo kimezama ndani kabisa, mfuko mzito wa nailoni ulionyooshwa na kubandikwa kwa nje, kuanzia juu kwenda chini, utazuia mvua hadi nyumbani. Nailoni hiyo isiwekwe kwenye mlango wa mbele mahali inapomzuia dereva kuona kioo cha pembeni.

Hizi ni dawa za siku moja au mbili. Nailoni inayokaa mwezi mzima ni tangazo kwa mwizi kwamba hapa hapahitaji kuvunjwa.

Mbele ya fundi

Wapo akina baba, na siku hizi akina mama wengi, wanaopenda kufungua mlango wenyewe. Si kazi ya miujiza. Waya hasi wa betri utolewe kwanza. Skrubu hujificha nyuma ya kishikio cha kuvutia mlango na chini ya mkono wa mlango, na kifuniko chote kimeshikwa na klipsi za plastiki ambazo zikilazimishwa kwa bisibisi hukatika. Nyuma ya kifuniko kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Ibanduliwe taratibu na irudishwe kama ilivyokuwa. Ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie kwenye sakafu ya gari, na mafundi wengi wenye haraka huichana na kuitupa.

Jambo moja hapa halina mzaha. Vidole visiingie kwenye mashine ya kioo huku umeme ukiwa umeunganishwa. Na mashine ya mikono ya mkasi ina springi yenye nguvu. Mota ikifunguliwa bila mashine kufungwa imara, mikono hiyo inaweza kuruka ghafla na kukata vidole. Asiyewahi kuiona akiwa na mtu anayejua, aiache kwa fundi. Mlango wenye mfuko wa hewa wa kinga ndani yake nao ni wa fundi.

Anayekwenda gereji aende na majibu ya vile vipimo. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "kioo kimekufa" na kusema "kioo cha nyuma kushoto hakitii swichi zote mbili, mota inasikika inazunguka, kioo hakisogei." Fundi mwaminifu atafurahi, kwa kuwa nusu ya kazi imeshafanyika. Asiye mwaminifu atajua kwamba huyu si wa kuuziwa mota.

Bei ya kazi isemwe kabla mlango haujafunguliwa, ikitenganishwa na bei ya spea. Fundi akisema kitu kimekufa, aonyeshe. Mota inaweza kupimwa kwa kuunganishwa moja kwa moja na betri mbele ya mwenye gari: ikizunguka ni nzima. Kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe baada ya kazi.

Kwa spea, wakazi wa Dar es Salaam huzunguka Kariakoo na Ilala, na kila mji una mtaa wake. Vipo vipya vya bei nafuu, na vipo vya mtumba vilivyofunguliwa kwenye magari mengine. Cha mtumba cha asili mara nyingi hudumu kuliko kipya cha bei ya chini sana, ila kisinunuliwe bila kujaribiwa kwa betri palepale dukani. Kile cha zamani kibebwe mkononi kwenda kulinganishwa, kwa kuwa mashine ya mlango wa kushoto haiingii kulia, ya mbele haiingii nyuma, na soketi ya nyaya inaweza kuwa na pini tano wakati gari linataka saba. Pakiwezekana mwenye duka akubali kwa mdomo, mbele ya shahidi, kwamba kisipoingia kitarudishwa.

Kazi ikiisha, kioo kijaribiwe kupanda na kushuka mara tano kabla kifuniko hakijarudishwa na kabla fedha hazijatolewa. Kama betri ilitolewa, kioo kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja kinaweza kusahau kazi hiyo. Katika magari mengi hurudi kwa kukipandisha hadi juu kabisa na kuendelea kushika kitufe sekunde chache.

Mazungumzo ya mezani

Ubovu wa kioo hufichua jinsi familia inavyozungumza juu ya fedha. Mama akisema, "Baba watoto, kile kioo vipi?" akiwa ndani ya gari, mvua inanyesha, baba anasikia lawama na jibu lake linakuwa kali. Neno hilo hilo likisemwa Jumamosi jioni, chai ikiwa mezani, lina uzito mwingine: "Mtoto amekohoa wiki nzima, na upande wake ndio wenye kioo kisichopanda. Tutenge kiasi gani mwezi huu tukimalize?" Hapo pana sababu, pana tarehe na pana swali linalojibika.

Baba naye asione kioo cha nyuma kama anasa kwa sababu yeye hakai huko. Jaribio moja linatosha kumshawishi. Siku moja mama aendeshe, au rafiki aendeshe, na baba akae siti ya nyuma kushoto kuanzia nyumbani hadi shuleni, saa ya foleni, kioo kikiwa vilevile kilivyo. Akishuka hapo hatahitaji kukumbushwa.

Familia yenye gari la miaka mingi inafanya vizuri ikiweka kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya gari, hata kama mwezi huo hakuna kilichoharibika. Gari la zamani halina mwezi wa bure, lina mwezi ambao bado haujaleta ankara. Katika fungu hilo, vitu vipangwe kwa kuuliza nani ataumia: breki na matairi kwanza, mikanda ya usalama, taa, kisha vioo na vitasa vya milango ya watoto. Redio, rimu za kung'aa na mapambo ya siti vije baada ya hapo.

Watoto pia wafundishwe. Kichwa na mikono vikae ndani. Kitufe cha kioo si cha kuchezea. Dereva kabla ya kupandisha vioo atazame nyuma na aseme kwa sauti, "Mikono ndani!", na asubiri ajibiwe. Akishuka, hata kwa dakika moja, atoe ufunguo na atoke nao, kwa kuwa mtoto aliyebaki na ufunguo uliowashwa ana mamlaka yote juu ya vioo vinne.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kioo cha gari, ufa huo wakati mwingine ni raba kavu ya kufuta kwa kitambaa, fyuzi ya bei ya soda, au waya mmoja uliokatika karibu na bawaba. Kinachofaa ni vile vipimo vya dakika kumi vifanyike Jumamosi hii, kabla ya mawingu kutanda, vikianzia mlango wa nyuma anakokaa mtoto.